Sufuria Isiyopita Langoni

Baba yangu Dereva,

Shikamoo. Najua usingeitikia papo hapo. Ungefuta mikono kwanza kwenye suruali, ndipo useme marahaba, maana kwako salamu ilikuwa kitu cha kupokelewa kwa mikono safi.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya Gesti, lori lako ulilolifanya nyumba, ngazi ile ya mbao mbili uliyoifunga waya ukisema ni kwa muda tu. Bado ina waya ule ule. Ni asubuhi. Ziwa Basotu limetulia, viboko wamesharudi majini na wanapumua upande wa matete, na Mlima Hanang umefunikwa na wingu hadi mabegani. Mama anafua. Bibi amelala kwenye kitanda chako cha chini. Ndiyo, Bibi huyo huyo, mama mkwe wako, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuligusa gari hili hata tairi. Leo ni siku ya tatu yumo ndani, na anakoroma.

Nataka kukuambia kwamba nimemwambia. Lile jambo la Madoa na kibuyu, ulilolibeba wewe badala yangu, nimelitoa juzi jioni. Lakini siwezi kuanzia mwishoni. Wewe mwenyewe ulinifundisha kuandika siku kwanza, kisha upepo, kisha chambo, ndipo samaki.

Nilikuwa kidato cha kwanza ulipoanza kufika kwetu. Ulikuwa unazunguka vijijini na lori kukusanya mahindi na alizeti, na kila ulipofika Gehandu lori liliharibika karibu na nyumba yetu. Mama alikuwa amerudi kwa mama yake tangu baba yangu mzazi alipofariki, nami nikiwa bado mgongoni. Bibi ndiye aliyekugundua mapema kuliko wote.

"Gari gani hili," alimuuliza Mama, "linaugua mahali pamoja tu?"

Mama alicheka akageukia ukutani. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka kumi na minne na sikutaka baba wa kuletewa na lori.

Ulipokuja kuomba, Bibi hakukuuliza mali wala ukoo. Aliuliza umezaliwa wapi. Ukasema Musoma, kandokando ya ziwa kubwa. Akauliza kwenu mnakula nini. Ungeweza kusema ugali ukanyamaza. Ukasema, "Samaki, Mama."

Kwetu, kwa watu wa umri wake, samaki si chakula. Bibi alimwita nyoka wa majini. Aliamini kwamba mkono ulioshika samaki ukishika kibuyu cha maziwa au chuchu ya ng'ombe, ng'ombe anakauka. Akakupa masharti yake ukiwa umesimama juani: sufuria ya samaki isipite lango lake, na yeyote aliyekula samaki asikamue wala asiguse kibuyu. Ukakubali. Halafu akamalizia kwamba hata maziwa ya kunywa hutapewa, kwa sababu hajui mdomo wako ulikuwa wapi jana.

"Nitakunywa chai ya rangi, Mama," ulisema.

Ukaoa, ukahamia kwetu, na ukaanza kunywa chai ya rangi. Kila asubuhi ulikuja hadi mlangoni kwake, ukainama bila kumtazama usoni, ukasema, "Shikamoo, Mama." Naye akajibu, "Marahaba, mla samaki." Hukuwahi kukasirika. Vijana wa Katesh nao walikukejeli mnadani kwamba wewe ni mwanaume uliyeolewa. Nilikuwepo siku uliyowajibu, "Kweli nimeolewa. Tena mahari yangu hawajamaliza kuilipa." Waliangua kicheko, na kuanzia siku hiyo wakakuachia nafasi ya kuegesha.

Lori lilipozeeka, ukaling'oa bodi ya mizigo na kujenga nyumba nyuma yake. Mbao, mabati, vitanda viwili vya juu na chini, jiko la mkaa kwenye kona, dirisha lenye pazia aliloshona Mama kwa kitambaa cha sketi yangu ya shule iliyochanika. Kumbe ulikuwa umefikiri kwa muda mrefu. Samaki hapiti langoni, basi wewe utamfuata samaki na nyumba yako. Sufuria yake, ile nyeusi yenye sikio moja, ukaitundika kwenye msumari chini ya kitanda, na haikuwahi kutoka ndani ya gari hilo isipokuwa kwenda ukingoni mwa maji. Tukipita Katesh vijana walipiga mbinja. "Gesti imefika! Mzee, chumba bei gani?"

"Vimejaa," uliwajibu. "Kimoja analala mke wangu, kingine kinalala kisirani cha binti yangu."

Kisirani hicho nakikumbuka. Safari ya kwanza nilikaa dirishani nimekupa kisogo njia nzima, tukapita mashamba ya ngano yasiyo na mwisho, na nilipoliona ziwa limekaa ndani ya shimo lake la kijani nilijizuia kusema kwamba ni zuri. Ukaenda kwanza ofisi ya kijiji kuomba ruhusa ya kuvua, maana hukutaka kuvua kama mwizi. Kisha ukatuonyesha njia za viboko kwenye nyasi, ukaliweka gari mbali nazo, ukatuambia jua likigusa ukingo kila mtu awe juu ya ngazi. Hukutupandisha mtumbwi hata siku moja. Tulivua kwa mshipi na ndoano, tumesimama kwenye mawe.

Unakumbuka samaki wangu wa kwanza? Nilimvuta nikiwa nimefumba macho. Ukanipa kisu, ukaniambia nimtengeneze, ukaenda kuwasha jiko. Sikuwa nimewahi kuona mtu akitengeneza samaki. Nilichojua ni mbuzi. Nikamlaza perege yule chali, nikampasua kuanzia kidevuni hadi mkiani, nikaanza kumchuna ngozi kwa ngumi kama nilivyomwona mjomba akifanya Krismasi. Uliporudi ulinikuta nimetafuta na vijiti vinne.

"Vya nini hivyo?"

"Vya kuwambia ngozi."

Ulikaa chini. Ulicheka mpaka ukatoa machozi, na Mama alikuja mbio akidhani umeng'atwa. "Mke wangu," ulimwambia, "kesho tunavaa viatu vya perege." Mimi nilikasirika, halafu nikashindwa, nikacheka pia. Ndiyo mara ya kwanza kucheka na wewe. Nimeiandika.

Kwa sababu jioni ile ndipo uliponipa kaunta buku. Ulisema uvuvi ni kumbukumbu. Ukanichorea mistari ya kwanza kwa rula ya ubao: siku, upepo, mawingu, chambo, samaki. Ukasema chini nibakize nafasi ya mengine. Nilidhani unatafuta karani wa bure. Sasa nina kaunta buku nyingi kwenye sanduku la bati, na hakuna siku niliyoiruka ila zile za malaria. Wateja wangu dukani Katesh wananicheka kwamba nikiuza dawa ya kupe naandika na hali ya hewa. Sikuwahi kukushukuru kwa hilo. Asante, Baba. Nisingekuwa na kitabu kile, nisingekuwa na ushahidi wa jinsi ulivyokuwa.

Nije kwenye ukurasa wenyewe. Mama alikuwa anakula samaki pamoja na wewe, na kwa hiyo alikuwa ameacha kukamua. Nyumbani tulikuwa tunakamua wawili tu, Bibi na mimi. Bibi alikuwa amenipa mtamba, Madoa, na alipozaa, maziwa yake ndiyo yaliyonilipia shule. Sharti lilikuwa wazi: siku nitakayokula samaki, Madoa si wangu tena. Kwa hiyo ziwani nilikula ugali na maharage huku ninyi mkila perege, safari baada ya safari, na wewe hukunisukuma hata kwa utani.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya mwezi wa saba. Baridi, upepo mkali. Nilikuwa nimesahau maharage yangu nyumbani. Mama alikwenda kuokota kuni. Ulitoa samaki kwenye sufuria, nyanya na kitunguu juu, mchuzi unachemka, nikasogeza sahani yangu.

Ulisita. "Usile kwa ajili yangu."

"Nakula kwa ajili ya njaa," nikakujibu.

Nilikula samaki wawili. Ulinionyesha jinsi ya kuufuata mwiba kwa ulimi. Mama aliporudi sahani ilikuwa imeoshwa, na hakuna aliyemwambia kitu. Kwenye kitabu niliandika: "Jumamosi. Upepo kutoka ziwani, baridi. Chambo minyoo. Perege wanne. Nimekula."

Tuliporudi nyumbani nilinawa kwa majivu, kwa mchanga, kwa sabuni, kwa majani ya mlimao. Nikakamua kama kawaida. Lakini nilikuwa na woga, nikawa nakamua haraka haraka ili nisimshike Madoa kwa muda mrefu, na maziwa mengine nayaacha ndani. Jumatano kiwele kikavimba upande mmoja. Maziwa yakatoka na mabonge, yana rangi ya damu.

Bibi alituita wote uani. Alikuwa amekishika kibuyu kwa mikono miwili.

"Nani ameingiza samaki kwa ng'ombe wangu?"

Alimtazama Mama. Mama akasema hajagusa. Akanitazama mimi. Ninakuapia, Baba, nilikuwa nataka kusema. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, nikifika tatu nitasema. Wewe ulikuwa umesimama pale langoni na chai yako ya rangi. Ukasema kabla sijafika tatu.

"Ni mimi, Mama. Nilikishika kibuyu. Nilitaka kuonja maziwa."

Mpaka leo sijui ulilipata wapi hilo la kuonja maziwa. Lilikuwa uongo uliovaa nguo ya kweli, kwa sababu kila mtu pale alijua ulivyoyatamani. Bibi hakupiga kelele. Alikiweka kibuyu kwenye moto, tukakitazama kikiungua. Akasema, "Hutalala tena ndani ya lango langu."

Ukalala kwenye Gesti, nje ya uzio, mvua mbili nzima. Vuli ikapita, masika ikapita. Mama alikuwa anakuletea chakula na kukaa nawe mpaka giza liingie, kisha anarudi ndani, kwa sababu Bibi alikuwa peke yake na mama yake ni mama yake. Kesho yake ya siku ile nilikuja kwako nikiwa na kitabu mkononi. Ulikuwa umelala chini ya gari unakaza nati.

"Umeandika?" uliuliza, bila kutoka.

"Nimeandika."

"Ukweli?"

"Ukweli."

"Basi. Andika na hali ya hewa."

Nikaanza kulia. Ndipo ukatoa kichwa, uso una grisi, ukaniambia, "We binti, ukinyang'anywa ng'ombe umenyang'anywa shule. Mimi nikinyang'anywa kitanda nina kingine hiki. Ndiyo faida ya nyumba ya magurudumu." Ukarudi chini ya gari. Mazungumzo yetu juu ya jambo lile yaliishia hapo, na hatukuyarudia tena hadi unafariki.

Ni wewe uliyemfuata bwana mifugo Katesh na kumleta na Gesti. Alisema ni ugonjwa wa kiwele, unatokana na uchafu na kutokamua maziwa yakaisha. Alitia dawa, Madoa akapona, akazaa tena mara tatu. Mimi nilisimama pale nikimtazama anavyosoma maandishi kwenye mrija wa dawa, na nafikiri duka langu lilianzia hapo. Bibi alimsikiliza bwana mifugo mpaka mwisho, kisha akasema, "Na uchafu wenyewe si ndio huo wa samaki?"

Baadaye alikurudisha ndani. Hakueleza sababu. Alimwambia Mama tu, "Mwambie dereva paa linavuja, aingie alitengeneze," na jioni ile hakuna aliyekuambia utoke. Lakini maziwa hakukupa. Ulikunywa chai ya rangi katika nyumba yenye ng'ombe mpaka ulipougua, na hata hospitali, muuguzi alipokuletea chai ya maziwa, ulimuuliza Mama kwa macho kama unaruhusiwa.

Tulikuzika kwenu. Nilirusha udongo, nikaliona ziwa lako kubwa. Kwenye kitabu niliandika hali ya hewa peke yake.

Sasa nikuambie ya juzi.

Wiki iliyopita Bibi aliniita. Macho yake yamefifia, ila sauti ni ile ile. Alisema, "Lile gari lake bado linatembea?" Nikasema linatembea, mimi ndiye ninayeliendesha, wewe ulinifundisha kwenye barabara za mashamba ya ngano. Akasema, "Nipeleke nikaone hicho kilichokuwa kinamvuta." Tulimpandisha mbele mimi na Mama, kama tunapakia kabati. Mapajani alishika kibuyu kitupu, kimefungwa shuka. Sikuuliza cha nini. Bibi haendi popote bila kibuyu. Tulipopita Katesh kijana mmoja, mtu mzima sasa, ana mvi, alipaza sauti: "Gesti imefika! Leo mmepata mgeni rasmi!" Bibi akamjibu kupitia dirisha, "Shikamoo yako iko wapi?" Yule mzee mzima akainama palepale barabarani.

Tulifika, nikaliegesha pale pale ulipokuwa unaliweka. Jioni tulikaa mimi na Bibi kwenye mkeka, Mama ananyoosha kanga kwa viganja kama anavyopenda. Nilikuwa nimebeba kitabu kile cha zamani. Nilihesabu moja, mbili. Safari hii hapakuwa na mtu wa kuniwahi. Nikamsomea. "Jumamosi. Upepo kutoka ziwani, baridi. Chambo minyoo. Perege wanne. Nimekula."

"Umekula nini?"

"Samaki, Bibi."

Akauliza, "Wiki ile Madoa alikamuliwa na nani?"

"Na mimi."

Mama aliacha kanga. Hakuwa anajua, Baba. Ulimficha hata yeye.

"Na yeye akasema ni yeye," Bibi alisema.

"Alisema."

"Nami nikamlaza nje."

"Ndiyo, Bibi. Mvua mbili."

Nikaona nimsaidie. Nikaanza kumweleza kwamba hata hivyo haikuwa samaki, ulikuwa ugonjwa wa kiwele, dawa yake ninaiuza kila siku, kosa langu lilikuwa kuacha maziwa ndani. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Sijakuuliza habari za kiwele. Nawaza habari za mtu."

Aliomba tumpandishe kulala, akajifunika hadi kichwani. Nilidhani nimempoteza. Niliandika siku, upepo, mawingu. Chambo hakikuwapo. Kwenye nafasi ya mengine niliandika: "Nimesema."

Jana nilipoamka kitanda chake kilikuwa kitupu. Nilitoka mbio nikiwaza viboko. Nikamwona anarudi polepole na fimbo yake kutoka kwenye boma la wafugaji kule juu, na binti wa pale amemshika mkono. Kibuyu kilikuwa kimejaa. Alikuwa amekwenda kujitambulisha kwa watu asiowajua na kuomba maziwa ya asubuhi.

"Sufuria yake iko wapi?" aliniuliza.

Niliitoa msumarini. Nikasema ngoja nikaioshe vizuri. Akasema iache. Akaishika kwa lile sikio lake moja, akaigeuza, akainusa, akaipapasa ndani kwa vidole. Bibi yangu, Baba, aliipapasa sufuria ya samaki kwa mkono wa kukamulia. Kisha akafungua kibuyu akamimina maziwa humo, yote.

"Mama!" Mama alishtuka.

"Weka majani ya chai," Bibi alisema. "Na sukari. Alikuwa anapenda sukari, nilikuwa namwona."

Ilipochemka alimimina kikombe cha kwanza mwenyewe, akakiweka hapa kwenye ngazi, upande wa kulia, mahali ulipokuwa unakaa. Akainama kidogo kuelekea ngazi tupu. Sikusikia alichosema, ila midomo yake haikutamka marahaba; niliisoma kama inasema unisamehe. Kisha akachukua chake akanywa.

"Ina harufu," alisema.

"Ya samaki, Bibi?"

"Ya dereva."

Mama alicheka huku analia. Kikombe chako kilianza kufanya utando juu. Bibi akanigusa na fimbo. "Kinywe wewe. Yeye hakupenda kitu kiharibike." Nikakaa hapa nilipokaa sasa, nikainywa chai yako ya maziwa, Baba, mpaka chini. Ilikuwa na sukari nyingi mno, na ilikuwa nzuri.

Kesho tunarudi Gehandu. Bibi ameamua sufuria isafiri mbele, mapajani mwake, na amenionya nisisimame langoni kumshusha. Anataka niingie nayo hadi ndani.

Basi pumzika, Baba, na umsalimie baba yangu wa kwanza, nina hakika mmeshaelewana. Asante kwa kisu, kwa kitabu, kwa kusema kabla sijafika tatu. Leo hakuna upepo. Wingu liko mlimani na linaanza kupanda. Chambo ni minyoo, na mshipi wako nimeuosha. Mengine umeshayajua.

Ni mimi binti yako,
mwenye kisirani cha chumba cha pili.